Fundi, usikate waya mwembamba wa mashine ya santuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemeshe mafundi redio wa hapa Tanga, hasa sasa vijana wanapozitafuta tena mashine za santuri.

Marehemu baba aliniachia Garrard SP25 ya Uingereza pamoja na sahani za bendi zetu za Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mwezi uliopita niliipeleka kwa fundi abadilishe waya za kwenda kwenye amplifaya, maana za zamani zilishakauka na kupasuka. Ikarudi inanguruma kama friji bovu. Nilipomfuata akasema mota imekufa, na kama sina hela ya mota nivunje pini ya ethi (ile inayopeleka ardhini umeme unaovuja) kwenye plagi ya amplifaya, eti mngurumo upungue.

Mota gani? Nilichomoa mashine ukutani, sahani ikasimama, amplifaya nikaiacha inawaka. Mngurumo uleule. Nikagusa mkono wa sindano kwa kidole, ukapungua. Nikiachia, unarudi. Nikaipindua mashine: ule waya mweusi mwembamba, usioingia kwenye jeki yoyote, ulikuwa umekatwa karibu kabisa na bati. "Haukuwa na kazi, mzee," aliniambia baadaye bila haya.

Kazi unayo, waya huo. Sindano hutoa umeme mdogo mno, kama milivolti 5, na amplifaya huukuza mara mamia. Bati na mkono visipofungwa kwa waya huo kwenye skrubu ya amplifaya iliyoandikwa GND, yaani ethi, hudaka mvumo wa umeme wa nyumbani, hezi 50, nao ukakuzwa vilevile. Nililehemu kipande cha waya wa kengele, nikakibana hapo. Kimya.

Spika ya kushoto ikabaki bubu. Nilivua vibanio vinne vya kichwa cha sindano (msipitishe testa kwenye kichwa chenyewe, koili zake ni nyembamba kuliko unywele), nikapima kutoka kibanio cheupe hadi jeki ya kushoto. Testa haikulia, yaani njia imekatika. Chumvi yetu ya bahari ilishaula uzi ndani ya kibanio. Nikaulehemu upya, mbali na kichwa.

Na ile pini ya ethi, mjukuu wangu hugusa kila kinachong'aa. Umeme ukivujia kwenye bati na pini haipo, utapitia kwake.

Sasa imebaki raba ya gurudumu la ndani linalozungusha sahani, imekauka kama kwato na nyimbo zinayumba. Msomaji anayemjua wa kuitengeneza, Tanga au Mombasa, aandike humuhumu gazetini.

Karani mstaafu,
Chumbageni, Tanga