Zuhura, kuhusu ile dawa ya mpox

Majengo, Mombasa
8 Septemba 2024

Zuhura shoga yangu,

Nianze na salamu, maana nikishaingia kwenye yale uliyoniandikia nitasahau kila kitu. Mama hajambo, ila goti bado linamtesa, na ngazi za kwetu unazijua. Watoto wazima. Duka la dawa lipo, nafungua saa moja asubuhi na kufunga saa tatu usiku kama zamani. Mgonjwa wa kwanza wa mpox hapa Kenya alipatikana mwisho wa Julai kule Taveta, na tangu siku hiyo haipiti jioni bila mtu kunionyesha picha ya upele kwenye simu, anataka nimwambie kama ndio wenyewe. Moshi wa huko kwenu Kivu, Kongo, umeshatufikia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema tangu tangazo la tarehe 15 Agosti huna hamu ya kazi ya wodini huko Kamituga. Miezi mingi mmewaambia akina mama wanaolaza watoto wao kwamba ipo dawa, tekovirimati, inajaribiwa Tunda huko Maniema na Kole huko Sankuru, na ikionekana inafaa itafika kwenu pia. Kumbe waliopewa dawa na waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, vidonda vyao vimepona kwa mwendo uleule. Kisha ukaniuliza: mtoto ana vidonda mpaka kwenye ulimi, dawa ipo duniani, Ulaya wameshaiidhinisha kwa ugonjwa huohuo; ni moyo gani unaompigia kura mtoto huyo, huyu apewe na huyu asipewe?

Zuhura, mimi niliwahi kugawa dawa bila kura. Hili sijawahi kukusimulia.

Ilikuwa Machi 2020. Tarehe 13 tulitangaziwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Wiki haikwisha, rais wa Marekani akasimama mbele ya kamera akiisifu klorokwini na nduguye haidroksiklorokwini. Wewe na mimi tumelelewa na klorokwini. Bado naukumbuka ule mwasho, najikuna usiku kucha huku mama ananipepea na ukindu. Ilikuwa dawa ya nyumbani, na mtu haogopi anachokijua. Dukani nilikuwa na boksi kumi na moja za haidroksiklorokwini. Kumi ziliondoka kwa siku mbili. Walionunua hawakuwa wagonjwa. Mmoja alichukua boksi tatu: ya mke, ya mamake, na ya kuweka. Wengi hawakuwa na cheti cha daktari na niliwauzia, kwa sababu nami niliamini. Boksi la kumi na moja nililificha kabatini kwa ajili ya mama.

Siku ya tatu akaja mshonaji mmoja wa hapa mtaani. Ana lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, na dawa hiyo anaimeza kila siku, miaka sita mfululizo. Alifika na pesa zake kamili mkononi, amezikunja ndani ya kitambaa kama kawaida yake. Nilimpa lile boksi la mama, likamfikisha mwezi. Baada ya hapo tulizunguka mji mzima kwa simu, hakuna. Alikaa wiki saba bila dawa. Vidole vilivimba asiweze kushika mkasi, uso ukarudia ule wekundu, na alipokuja kunionyesha miguu ilikuwa imejaa maji. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, kama wale waliozinunua zimewasaidia.

Wakati ule sikuwa na jibu. Jibu lilikuja tarehe 5 Juni, kutoka Uingereza. Wiki ileile niliyokuwa nikiuza boksi zangu, Peter Horby na Martin Landray wa Chuo Kikuu cha Oxford walimwandikisha mgonjwa wa kwanza katika jaribio walilolipa jina la RECOVERY. Walichukua dawa ambazo tayari zipo, za malaria, za ukimwi, za baridi yabisi. Daktari anamweleza mgonjwa, mgonjwa akikubali, kompyuta inampigia kura: huyu aongezewe dawa hii, huyu atunzwe kama kawaida. Wagonjwa 1,561 walipewa haidroksiklorokwini, 3,155 hawakupewa. Baada ya siku 28, katika kila mia ya waliopewa walikuwa wamekufa 27. Katika kila mia ya wasiopewa, 25. Haikusaidia hata kidogo. Maabarani dawa hiyo iliwahi kuvizuia virusi ndani ya seli za figo za nyani, na kutoka hapo sisi tukaruka moja kwa moja hadi kwenye kinywa cha mtu.

Sasa sikiliza habari ya kabati lilelile, rafu ya chini. Pale kulikuwa na deksa, yaani deksamethasoni. Unaijua: tunampa mwenye pumu iliyomzidi, mwenye mzio, na wasichana wanaivizia ili wanenepe. Dawa ya tangu miaka ya 1950, bei yake shilingi chache. Hakuna aliyepanga foleni kuifuata. Madaktari wenyewe waligawanyika, maana deksa ni steroidi, na steroidi huilaza kinga ya mwili, na nani anataka kuilaza kinga wakati virusi vimo ndani? Kulikuwa na hoja nzuri za kuitoa na hoja nzuri za kuikataa, na wenye hoja zote mbili walikuwa watu wazima wenye shahada zao. Wangebishana mpaka leo. Kura ya RECOVERY iliwapa deksa wagonjwa 2,104, na 4,321 wakatunzwa bila hiyo. Tarehe 16 Juni wakatangaza. Kwa walioko kwenye mashine ya kupumulia, badala ya kufa 41 katika mia walikufa 29. Kwa wanaopumua kwa oksijeni ya kawaida, badala ya 26 walikufa 23. Ilikuwa dawa ya kwanza duniani kuonyeshwa wazi kwamba inapunguza vifo vya korona, na muda wote ilikuwa inapata vumbi kwangu.

Lakini kuna mstari mmoja kwenye yale matokeo ambao nadhani ndio ulionibadilisha. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida yoyote: waliopewa deksa walikufa 18 katika mia, wasiopewa 14. Fikiria ningeigawa deksa kama nilivyogawa ile nyingine, kwa kila aliyekuja na kikohozi na hofu yake. Mapafu yanapoanza kuungua kwa hasira ya kinga yenyewe, deksa huuzima moto. Mapema, kinga ikiwa bado inapigana na virusi, unamnyang'anya mtu silaha. Nisingeyajua hayo kwa kumtazama mteja machoni, hata ningekaa kaunta miaka hamsini.

Ndiyo sababu nakuomba uitazame upya ile habari ya Tunda na Kole, kwa sababu wewe umeisoma kama msiba na mimi nimeona ndani yake kitu ambacho sikutarajia. Wagonjwa walikuwa 597, watoto na wakubwa. Waliofariki, ukijumlisha pande zote mbili, ni asilimia 1.7. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kwa Kongo nzima hesabu ya vifo ilikuwa asilimia 3.6 na zaidi. Basi chukulia mambo yangefanyika kama unavyotaka. Watoto wote wapewe tekovirimati, hakuna kidonge kitupu, hakuna kura. Mwisho wa siku mngehesabu vifo mkaona vimepungua nusu. Mngefanya nini? Mngeshangilia! Mngeandika kwamba dawa inaokoa nusu ya watoto, serikali zingekopa kuinunua, na akina mama wa Kamituga wangeuza mbuzi ili waipate. Na dawa yenyewe haikuhusika.

Kilichowaokoa kilikuwa kwenye pande zote mbili. Walilazwa siku 14 au zaidi. Walilishwa. Walipewa maji. Kidonda kilichoingia usaha kilitibiwa, na kulikuwa na mtu wa kuwatazama kila siku. Kile unachokifanya wewe kwa mikono yako ukidhani unasubirisha tu mpaka dawa ifike, ndicho kilichoonekana. Kisingeonekana bila wale waliokubali kumeza kidonge kitupu. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikakuombea dua wewe na wenzako, kwa majina ninayoyajua.

Umesema imeidhinishwa. Ni kweli, ila kumbuka ilivyoidhinishwa. Tekovirimati ilitengenezwa kwa ajili ya ndui, na ndui ilishakwisha duniani. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, jirani yetu wa Marka, Somalia, mwaka 1977. Hakukuwa na binadamu wa kuijaribia. Wakaijaribu kwa nyani na sungura, wakawapa watu wazima wenye afya mia tatu na kitu kuhakikisha haidhuru, na 2018 Marekani ikaipitisha, ikae ghalani kwa dharura. Sioni kosa lao hapo. Wangefanya nini zaidi? Kwa nyani ilifanya vizuri sana. Lakini nyani wale waliambukizwa kwa makusudi na kupewa dawa siku chache baadaye, saa inajulikana. Mtoto wa Tunda amebebwa mgongoni kilomita ngapi kabla hajafika kitandani?

Sitaki kukudanganya kwamba kura haina bei. Mwaka 1986, ukimwi ukiwa bado ugonjwa mpya, Wamarekani waliijaribu AZT, iliyotengenezwa tangu 1964 kwa ajili ya saratani ikashindwa huko. Wagonjwa walikuwa 282. Kabla jaribio halijafika mwisho, 19 wa kidonge kitupu walikuwa wamekufa, na wa AZT mmoja. Walisimamisha jaribio hapohapo, wengine wote wakapewa dawa. Wale 19 nawafikiria mara nyingi, hasa ninapomhudumia mtu anayechukua dawa zake za ukimwi na kurudi kazini kama mwenye presha. Walikuwa na ndugu kama sisi. Ndiyo maana kila jaribio lazima liwe na watu wa pembeni wanaoitazama hesabu kabla ya mwisho, wenye uwezo wa kusema basi.

Na wewe uliwahi kuwaona wakisema basi. Uliniandikia kutoka Butembo mwaka 2019, vituo vya Katwa na Butembo vilipochomwa na nyinyi mkarudi kazini. Ile Ebola pia ilipigiwa kura, dawa nne, kila mgonjwa akapata mojawapo, hakukuwa na kidonge kitupu. Agosti wakasimamisha mbili. Remdesiviri ilikuwa mojawapo: walioipata walikufa 53 katika mia, na wa zile kingamwili mbili zilizoshinda (protini za kinga zinazokamata virusi) walikufa 35 na 34 hivi. Moja ya kingamwili hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Remdesiviri hiyohiyo, iliyoshindwa mbele ya macho yenu, mwaka uliofuata ilipelekwa kwenye korona na wagonjwa wakapata nafuu kwa siku 10 badala ya 15. Wasingethubutu kuipeleka haraka vile kama Wakongomani zaidi ya mia hawakuwa wameshaipokea huku usalama wake ukiandikwa. Jaribio lile liliitwa Pamoja Tulinde Maisha, na la tekovirimati limebeba jina hilohilo. Ni jina la Kiswahili, Zuhura. Kila nikilisoma kwenye majarida ya wazungu nalitamka kwa sauti.

Umeniuliza uwaambie nini akina mama. Waambie ukweli, wanaustahili. Mwambie mama kwamba dawa ile imejaribiwa kwa watoto kama wake na haikuharakisha kupona, kwa hivyo mtoto hajadhulumiwa kwa kutoipata. Mwambie watoto waliolazwa na kulishwa walikufa wachache zaidi, kwa hivyo asimtoroshe wodini siku ya tano. Kisha umpe uji. Wakija tena na dawa nyingine ya kujaribu, na watakuja, waulize wewe mwenyewe nani anaisimamia hesabu, na mgonjwa akikataa atatunzwa vilevile? Wakikujibu sawasawa, waandikishe.

Yule mshonaji yupo. Figo zilitulia, namshukuru Mungu. Boksi lake naliweka chini ya kaunta na jina lake nimeliandika kwa kalamu nyekundu, na hata aje nani haliuzwi. Jana alikuja kulichukua, nikamwambia ninakuandikia. Amelimaliza lile dera lako la kijani, amelitia nakshi shingoni bila kuombwa, na hataki pesa ya nakshi. Limekunjwa hapa kando yangu linakungoja Desemba.

Nijibu upesi, na ule.

Wako,
Mwanaisha