Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Tanga: tulindie saa yetu ya Jumatano

Ndugu Afisa Elimu,

YAH: OMBI LA KULINDWA KWA SAA YA JUMUIYA YA KUJIFUNZA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Saa hiyo ni kikao chetu cha Jumatano, ambapo sisi walimu wa shule moja hukaa pamoja kujadili ufundishaji wetu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi iliyo pwani, kusini mwa mji wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kushika chaki. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linawagusa wazazi pamoja na walimu wenzangu, nao wana haki ya kulisikia likisemwa mbele yao.

Kwa muda mrefu shuleni kwetu tulikuwa na ugonjwa tuliouita utoro wa saa nne. Watoto, hasa wavulana wa darasa la tano na la sita, walifika asubuhi, wakaitika majina, na baada ya mapumziko ya uji madawati yao yakabaki matupu. Kesho yake waliitwa mbele ya mstari na kuchapwa. Nami nilichapa, nalisema mapema ili asije mtu akadhani ninawanyooshea wenzangu kidole. Chuoni tulifundishwa nadharia ya mwanasaikolojia B. F. Skinner kwamba adhabu huzima tendo kwa muda, hasa pale mwadhibu anapokuwapo, lakini haimfundishi mtoto tendo jingine la kushika mahali pake. Tuliijibu vizuri kwenye mtihani, tukapata alama zetu, kisha tukaripoti kazini na kukata fimbo za mkwaju.

Kanuni zenyewe, zile za Tangazo la Serikali namba 294 la mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa la nidhamu, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sijawahi kuona mstari wa asubuhi ukisimamishwa ili mtu akafuate kitabu.

Aliyetutoa gizani ni mwenzetu mmoja, mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa upande wa Pangani. Daftari la mahudhurio hujazwa asubuhi, kwa hiyo utoro wetu haukuonekana humo hata kidogo. Yeye akaanza kuhesabu watoto mara ya pili baada ya mapumziko, akiweka nukta ya penseli mbele ya kila jina lililokosekana. Baada ya miezi miwili alilileta daftari lake kwenye kikao chetu cha Jumuiya ya Kujifunza, kile cha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini ambayo sote tunayaita MEWAKA, akalifungua juu ya meza na kutuuliza tunaona nini. Nukta hazikutawanyika. Zilikusanyika siku tatu au nne, zikapotea kwa muda wa wiki moja na zaidi, kisha zikarudi. Tulikaa kimya mpaka alipotuambia tutazame siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu.

Ilikuwa bamvua. Huku kwetu, siku za bamvua maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, miamba hubaki wazi, na huo ndio wakati wa pweza. Kina mama nao huwa kwenye mwani wao saa hizo hizo. Siku za maji mafu, yaani bahari isipopwa sana, mtoto hana cha kufuata baharini, kwa hiyo anabaki darasani, nasi tulijisifu kwamba fimbo imefanya kazi. Mama mmoja tuliyemtembelea alituambia bila kugombana, huku akianika mwani: "Mtoto hakutoroka, mwalimu. Amefuata maji."

Kuanzia hapo maswali yalibadilika, na hapo ndipo ninapotaka utazame kwa makini, Ndugu Afisa Elimu, kwa sababu mabadiliko hayo hayakuja na semina wala mgeni kutoka makao makuu. Tulichukua mbinu ambayo mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliianzisha mjini Austin, Texas, mwaka 1971, shule za huko zilipokuwa zinachanganya watoto wa rangi mbalimbali na madarasa yamejaa ugomvi. Somo hukatwa vipande. Kila mtoto hupewa kipande chake, hukisoma pamoja na wenzake wa vikundi vingine wenye kipande hicho hicho, kisha hurudi kuwafundisha wa kikundini kwake. Darasa langu lina watoto 84, karibu mara mbili ya wale 45 wanaotajwa kwenye miongozo, kwa hiyo tulipata vikundi kumi na vinne vya watoto sita sita. Kazi hii tuliiweka makusudi baada ya mapumziko. Aliyeondoka aliondoka na kipande cha wenzake, na wenzake ndio waliomdai.

Haikwenda sawa mara moja. Wiki ya pili kikundi kimoja kilimgeuza mvulana mmoja kuwa mzaha, wakimwita Pweza, na ilitubidi tukae nao tena na kukubaliana namna ya kudaiana bila kudhalilishana. Kumpokonya mwalimu fimbo na kuwakabidhi watoto ulimi kungekuwa kubadilisha jina la adhabu tu. Jumatano iliyofuata hatukuzungumza jambo jingine.

Kisha tukafundisha kupwa na kujaa kwa maji. Mvulana huyo huyo, ambaye tangu darasa la nne sikumbuki kumwona akinyoosha mkono, alikwenda ubaoni akachora jua, dunia na mwezi, akahesabu kwa vidole siku za kutoka bamvua moja hadi jingine, akawasahihisha wenzake waliosema ni siku saba. Aliporudi kwenye dawati alikuwa na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

Utoro wa saa nne umepungua sana, ingawa haujaisha. Wawili bado wanakwenda, na sababu yao tunaijua: nyumbani hakuna mwingine wa kuleta kitoweo. Kwa hao hatuna mbinu ya kufundishia. Tuna mazungumzo na ofisi ya kijiji tu.

Tanga ndiko Wajerumani walikofungua shule yao ya kwanza ya serikali, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ili wapate makarani na maakida. Kazi hiyo ilihitaji utii kabla ya yote, na enzi yenyewe ilikuwa ya hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwa hiyo fimbo darasani haikumshangaza mtu. Naitaja historia hii kwa sababu bado nasikia watu wazima wakisema kiboko ni mila yetu.

Sasa ombi langu. Saa ile ya Jumatano, iliyotuwezesha kusoma nukta za mwenzetu, inaliwa. Muhula uliopita tulikaa vikao kumi, na vitano kati ya hivyo vilikwisha kwa kujaza fomu, kusaini orodha na kupiga picha za kuthibitisha kwamba tumekaa. Fomu hizo hutoka ngazi mbalimbali na kila moja huuliza yale yale. Ninaomba utoe maelekezo kwamba taarifa ya jumuiya iwe ukurasa mmoja kwa muhula, na kwamba saa hiyo isipangiwe kikao kingine, hata kiwe cha dharura ya namna gani. Ninaomba pia walimu wa shule jirani ndani ya kata waruhusiwe kuingia katika madarasa yetu, nasi katika yao, bila ziara hiyo kuitwa ukaguzi. Nauli ni ndogo, na wengine tutakwenda kwa miguu. Na wasaidizi wako watakapokuja kuangalia nidhamu, tafadhali waombe kwanza kitabu cha adhabu, kisha waulize walimu wamegundua nini kuhusu watoto walioandikwa humo.

Tungependa uje mwenyewe. Usiandaliwe ngoma wala maji ya chupa. Kuna dawati la nyuma lenye nafasi. Ukichagua Jumatano yenye bamvua, fika kabla ya saa nne, uhesabu nasi watoto kabla na baada ya uji, na jioni ubaki kwenye kikao.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa shule ya msingi, Tanga