Mdogo wangu, usiing'oe holihoki yako

Mdogo wangu,

Ulinitumia picha ya majani mapana yamelala chini kama kabichi iliyokataa kufunga, ukaandika: "Maua yako yamenidanganya, Jumamosi nang'oa." Nilicheka, kisha nikashtuka. Weka jembe chini kwanza.

Holihoki, hilo ua refu la bustani Waingereza waliitalo hollyhock, nyingi hazichanui mwaka wa kwanza. Mwaka huo ni wa majani na mzizi tu. Wa pili ndipo shina linapochomoka, hufika hata mita 2, na maua hufunguka kuanzia chini kupanda juu, wiki baada ya wiki. Zipo aina zinazowahi, lakini mbegu nilizokupa si za aina hizo. Sikukuambia, kosa ni langu.

Wala usiihamishe. Mzizi wake hushuka wima kama wa karoti na haupendi kuguswa ukishakomaa. Mimi nilihamisha tatu zikiwa kubwa: mbili zikafa, ya tatu ikaishi kwa kinyongo.

Kilichonitia wasiwasi kwenye picha yako ni yale madoa ya manjano. Hebu geuza jani uangalie upande wa chini. Ukiona vipele vya rangi ya chungwa au kahawia, hiyo ni kutu, kuvu iitwayo Puccinia malvacearum. Ilielezwa mara ya kwanza Chile mwaka 1852, na kufikia 1873 ilikuwa imeshavamia bustani za Uingereza. Vumbi lake huruka na upepo, nayo hupenda jani lililolowa. Basi chuma majani yote yenye vipele, uyachome au uyatupe mbali, usiyatie kwenye mboji. Maji mwagia shinani, asubuhi, wala si juu ya majani kama unavyopenda kufanya na huo mpira wako. Na zile ulizozibananisha, punguza: ziachane nusu mita hivi, hewa ipite. Kuipunguza kutu utaweza. Kuimaliza kabisa, siwezi kukuahidi.

Ua lenyewe utalitambua, maana ni ndugu wa bamia na pamba. Mbegu zake hujipanga duara kama sarafu zilizosimamishwa. Ila usishangae miche ya mbegu hizo ikitoa maua ya rangi nyingine. Nyuki huchanganya chavua bila kuuliza ruhusa.

Shina likianza kupanda, niambie kabla ya upepo kuliona. Nimekuwekea mianzi miwili ya kuliegemeza.

Dada yako