Risala ya kikundi cha wakulima wa Sagalla kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, chifu wetu, wazee, kina mama, vijana na nyinyi watoto mliokaa hapo chini ya mti, hamjambo. Mheshimiwa pole na safari, tunajua vumbi la kutoka Voi mpaka huku limekula hiyo suti yako, lakini umefika na kwetu hilo ni kubwa kwa sababu wageni wengi wa Taita Taveta huishia tu kwa geti la mbuga.

Tuanze na ardhi maana kila kitu chetu kinaanzia hapo. Kwa ramani kaunti yetu ni kubwa, kilomita mraba 17,084, lakini mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua kama asilimia 62, halafu ondoa maranchi, ondoa shamba kubwa la mkonge kule Mwatate, kile kipande kinachobaki ndio tumejipanga sisi watu 340,671 wa ile sensa ya 2019. Sasa mheshimiwa ukisikia tunaongea sana habari ya ndovu usituchoke, ni majirani wetu, hatuna ukuta.

Kaunti ni moja lakini maisha hayafanani. Ukipanda Wundanyi ni baridi na ukungu, kilele cha Vuria kinafika mita 2,208 na kwenye ile misitu ya juu kuna ndege ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, wenzetu huko wanavuna kabeji na nyanya zinashuka Mombasa. Taveta nao wanapata maji ya chemchemi yanayotoka upande wa Kilimanjaro, ndizi zao zinajaza malori. Sisi wa huku chini, Voi, Sagalla mpaka Kasigau, ni pojo, kunde, mahindi kidogo na kungoja mvua ya vuli. Ikikosa vuli hapa unaona ng'ombe mbavu zote.

Na hapo kwa maji ndio tunaumia. Chemchemi za Mzima ziko ndani ya Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 bomba linapeleka yale maji Mombasa, zaidi ya kilomita 200, na mama wa huku bado anaamka saa kumi usiku na mtungi. Hatuwaonei wivu watu wa Mombasa, watoto wetu wengi wako huko wanafanya kazi na wanakunywa hayo hayo, tunachoomba ni na sisi tufunguliwe mfereji.

Ugatuzi umetusaidia, hilo lazima tuseme ukweli. Tangu 2013 tuko na gavana, tuko na wadi 20 kwa maeneo bunge manne, Wundanyi, Mwatate, Voi na Taveta, na makao makuu yako Mwatate sio mbali hivyo. MCA, yaani mwakilishi wa wadi, unaweza kumpata hata kwa matanga ukamwambia shida yako. Shida ni kwamba kikatiba wanyamapori ni kazi ya serikali kuu na kilimo ni kazi ya kaunti, so ndovu akiwa mbugani ana mwenyewe, akiingia kwa shamba la mama fulani usiku akamaliza pojo yote, huyo mama anapigwa danadana, ofisi hii inamtuma ile, ile inamrudisha hii. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ilipwe milioni tano mtu akiuawa na mnyama, na mazao pia yalipwe, sisi fomu za fidia tumejaza, wengine wamejaza mpaka wamezeeka nazo.

Lakini mheshimiwa hatujakaa tu kulia. Hapa Sagalla ndovu tunamzuia na nyuki. Mizinga inaning'inizwa kwa nguzo kuzunguka shamba na waya unaiunganisha, ndovu akisukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka na yeye anageuka mwenyewe, hakuna bunduki hakuna mtu kuumia. Halafu asali tunauza. Kikundi chetu kilianza na mashamba machache, wengine walituona wajinga, leo wale wale ndio wanauliza mzinga unapatikana wapi. Sio dawa ya kila kitu, ukame ukizidi nyuki wanahama na mizinga inabaki mitupu, ndio maana hii habari ya maji na hii ya ndovu kwetu ni habari moja.

Kwa kikundi tuko Wasaghala, Wadawida, Wakamba, na dada mmoja Mtaveta aliyeolewa hapa, kwa mkutano kila mtu anaanza na lugha yake tukimalizia na Kiswahili. Hakuna aliyewahi kukataliwa kwa sababu ya kabila na hilo tunajivunia sana.

Maombi yetu ni matatu mheshimiwa. La kwanza tangi kubwa la maji hapa karibu na shule, watoto na nyuki wote wapate. La pili waya na mizinga kwa yale mashamba ya upande wa mbuga ambayo bado yako wazi. La tatu, na hili ndio wazee wamesisitiza, ukirudi tafadhali waite serikali kuu na kaunti wakae meza moja kuhusu zile fomu za fidia, na sisi tuitwe tukae hapo pia. Majina ya waliojaza tumeyaandika kwa hii bahasha, mwenyekiti atakukabidhi sasa hivi kabla chakula hakijaletwa.