Mbona umekuja na kamera tatu?

Hili swali naulizwa karibu kila kazi, mtu ananiona nimening'iniza kamera moja shingoni nyingine begani na ya tatu imejaa kwenye begi, anacheka anasema kwani unaziuza? Siuzi jamani. Ngoja nieleze maana kuna wateja wanadhani ni mbwembwe tu.

Kamera ya mkanda siyo kama simu. Kwenye dijitali ukiingia sehemu yenye giza unapandisha ISO, yaani wepesi wa kushika mwanga, basi, kazi inaendelea. Mkanda ukishaweka wa ISO 400 ndo umeweka, picha zote 36 ni za 400 mpaka uishe, na kama ni wa rangi huwezi kufika katikati ukasema hii sasa nataka nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo badala ya kubadilisha mkanda mimi nabadilisha kamera. Moja ina mkanda wa rangi kwa ajili ya nje. Ya pili ina mkanda wa Ilford HP5, nyeusi na nyeupe, ambayo yenyewe ni 400 ila naupiga wote kama 1600 kwa ajili ya ndani halafu kwenye kusafisha unakaa kwenye dawa muda mrefu zaidi, chembechembe zinaonekana kidogo ila mimi ndo nazipenda. Ya tatu ni lile kubwa la mkanda wa 120, ule mpana, linatoa picha 12 tu za mraba, hilo silitoi ovyo, ni la kupozi mkiwa mmetulia.

Sasa kuzibeba siyo shida, mgongo unazoea. Shida ni kukumbuka nini kiko wapi. Zamani sikuwa na utaratibu, siku moja nikatoa mkanda uliokwisha nikautia mfukoni, ulimi wake, ile ncha ya mwanzo, umebaki nje kama mpya, baada ya saa moja nikauchomeka kwenye kamera nyingine nikaendelea kupiga kwa raha zangu. Picha zinatoka mbili mbili juu ya moja, bibi harusi ana mti kichwani na mjomba wake amekaa juu ya keki. Nilirudisha hela yote.

Toka siku hiyo kila kamera ina kipande cha tepu mgongoni, nimeandika aina ya mkanda na napima kwa ISO ngapi. Mkanda ukiisha narudisha mpaka ulimi wote unaingia ndani ya kikopo, ukiwa hivyo hata nitake siwezi kuuweka tena, halafu unakwenda mfuko wa kulia wenye zipu, mipya inakaa kushoto. Na nikivuta kwenda picha inayofuata naangalia kile kitufe cha kurudishia upande wa kushoto, kikizunguka najua mkanda umeshika, kisipozunguka napiga hewa.

Ah na kwa kazi za kusafiri, uwanja wa ndege naombaga wakague mikanda kwa mkono, zile skana mpya za CT, zenye eksirei kali, zinaweza kuiharibu kabisa hata kwa kupita mara moja. Ndo maana nawaomba tuwahi.

Mkiniona nimeinama nahangaika na kifuniko cha nyuma nipeni dakika moja, na kama kuna tukio linakuja nishtueni mapema niingize mkanda mpya, maana mkishaanza kuvishana pete siwezi kusema ngojeni kwanza. Nilishasema mara moja. Niliangaliwa!