Kijani cha ramani si mahindi ghalani

Ndugu Mhariri,

Ramani za satelaiti zikitoka Februari zikiwa za kijani, watu husema mavuno yapo. Kwa Dodoma na Singida, kusema hivyo ni hatari.

NDVI, kipimo cha ukijani kinachochorewa ramani hizo, hulinganisha mwanga mwekundu, ambao jani bichi huufyonza, na infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ambao jani huurudisha. Hakitofautishi muhindi na gugu. Katika picha za MODIS, kamera iliyo kwenye satelaiti za NASA ya Marekani, kisanduku kimoja kina upande wa mita 250, zaidi ya ekari 15: shamba lako la mtama la ekari mbili limo humo pamoja na vichaka na njia ya ng'ombe. Miombo nayo huchipua kabla ya mvua, kwa hiyo asiyechuja mapori atatangaza msimu umeanza wakati jembe bado liko darini. Satelaiti za Ulaya za Sentinel-2 huona hadi mita 10, ila mawingu huiziba siku zile zile tunazoihitaji.

Tuanze na mvua. Makadirio ya CHIRPS, yanayounganisha satelaiti na vipimo vya vituo vya mvua, yana takwimu za kuanzia 1981. Yasomwe kwa siku kumi kumi. Msimu huhesabiwa umeanza zikinyesha milimita 25 ndani ya siku kumi, kisha angalau 20 katika siku 20 zinazofuata. Za kwanza zikija na za pili zikakosekana, mbegu huota ikafa, na mkulima hununua nyingine. Jumla ya mvua ya msimu hulificha hilo kabisa.

Kubwa zaidi ni wakati wa mbelewele, mahindi yanapotoa maua ya kileleni. Mvua ikikatika hapo, ndevu huchelewa kutoka, chavua humwagika bila kuzikuta, na gunzi hubaki na punje za kuhesabu. Majani bado ni mabichi, na satelaiti haioni kasoro! Ndiyo maana afisa ugani lazima aingie katikati ya shamba, si kusimama barabarani: apime kwa GPS mahali shamba lilipo, aandike zao na hatua yake, kisha amenye magunzi matano ya mashina tofauti.

Naomba gazeti lako, kila likichapa ramani ya ukijani, liandike pembeni yake tarehe mvua ilipoanza, siku kavu zilizoangukia mbelewele, na wastani wa miaka ipi unaolinganishwa.

Msomaji wako,
Dodoma