Kuhamaki si kushangaa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno 'hamaki', ambalo waandishi wetu hapa Nairobi wanazidi kulitumia kana kwamba ni mshangao. Mtu akisoma "wakazi walihamaki kuona daraja limesombwa", hajui kama walighadhibika au walipigwa na butwaa. Kuhamaki ni kupandwa na hasira ghafla. Aliyebabaika kwa hofu amehamanika. Aliyeona ajabu akakosa la kusema ameduwaa. Lipo pia neno linalofanana nalo, 'tahamaki', kama katika "alipotahamaki, mwizi keshatoweka", yaani alipozindukana, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia.

Likiwa nomino, neno hili hutaja hulka. "Ana hamaki" ni mtu anayewaka kwa jambo dogo: amekanyagwa kidogo ndani ya matatu, tayari anafoka. Hasira yaweza kuwa ya siku moja tu, tena ya haki. Anayeiweka moyoni ana kinyongo, anayefura uso bila kusema amenuna, anayekataa chakula kwa ajili yake amesusa. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayestahili kuitwa mwenye hamaki. Harara ndiyo inayokaribia zaidi, ila ndilo pia jina la vipele vya joto, kwa hiyo sentensi lazima ioneshe ni ipi.

Katika insha za wanafunzi, kosa sugu ni "yeye ni rahisi kukasirika". Rahisi ni kazi isiyo ngumu au bidhaa ya bei ya chini. Binadamu huwa mwepesi wa hasira, na wakiwa wengi ni wepesi wa hasira. "Anakasirikakasirika" nayo ni sahihi kabisa, maana kurudia kitenzi kunaonesha mazoea. Wengine huandika "usihamake" kwa kufuata "usikasirike". Hamaki ina asili ya Kiarabu na irabu yake ya mwisho haibadiliki: usihamaki, hahamaki, wasihamaki.

Kurasa za michezo nazo ziangalie 'mkali'. "Kocha mkali" aweza kuwa hodari, mwenye nidhamu kali, au mtu wa kufokea wachezaji kwa kila pasi iliyopotea. Ikiwa mwandishi anakusudia hili la mwisho, aandike "kocha mwenye hamaki".

Mwalimu wa Kiswahili,
Nairobi